Skrini ya 172 kwa 320 ambayo maktaba haiijui: urekebishe wapi, na uanze na nini

Swali: Nina skrini ndogo ya rangi ya inchi 1.47, pikseli 172 kwa 320, yenye pini nane. Muuzaji anasema ndani kuna chipu ya ST7789. Nimeiunganisha na bodi ya ESP32 na natumia maktaba ya kuchora ya Adafruit GFX, lakini kiendeshi (driver) nilichonacho kimeandikwa kwa skrini ya 240 kwa 320. Nimebadilisha namba ya upana nikaweka 172. Picha inatokea, ila imesogea: herufi za mwanzo za kila mstari zimekatika, upande wa pili kuna ukanda wa chenga, na rangi zote ni kama negativu. Je, nitafute maktaba nyingine au hii inarekebishika?

Jibu: Inarekebishika, tena bila kubadili maktaba. Uliyonayo ni nzima, na skrini nayo ni nzima. Unachokiona ni kasoro mbili zilizokutana: ofseti ya safu, yaani namba ya safu ambayo kioo kinaanzia, haijawekwa, na amri ya kugeuza rangi haijatumwa. Zote mbili zinatibika kwa mistari michache ya msimbo. Tatizo ni kwamba watu wengi huzitibu kwa kubahatisha namba mpaka picha ikae sawa. Siku ukiilaza skrini kwa upana, picha inahama tena na unaanza upya. Afadhali ujue namba zinatoka wapi.

Adafruit GFX yenyewe haijui skrini yoyote. Kazi yake ni jometri: imepewa upana na urefu, inakokotoa pikseli zipi ziwake ili mstari, duara au herufi itokee. Mwisho wa hesabu zote huita fanksheni moja, drawPixel, na kuiambia weka rangi hii kwenye x hii na y hii. Hiyo ndiyo fanksheni pekee unayolazimika kuiandika mwenyewe. Klasi yako ikirithi kutoka Adafruit_GFX na ikaijaza drawPixel, maandishi na maumbo yote yanafanya kazi, na hujagusa faili hata moja la maktaba. Kwa hiyo ukisikia skrini fulani haikubaliki kwenye maktaba fulani, maana yake ni kwamba hakuna aliyeandika tabaka la chini, lile linaloongea na chipu. Basi liandike wewe.

Sasa tuingie kwenye kioo. ST7789 ina kumbukumbu ya picha ya safu 240 kwa mistari 320. (Safu hapa ni zile za wima, mistari ni ile ya ulalo, nitashika hivyo mpaka mwisho.) Kumbukumbu hiyo haibadiliki kwa sababu tu kioo kilichogandishwa juu yake ni chembamba. Mtengenezaji wa kioo cha 172 ameunganisha safu 172 tu kati ya 240, na kwa kawaida anachukua zile za katikati. Zinazobaki ni 68, nusu upande huu na nusu upande ule: 34 na 34. Safu ya kwanza unayoiona kwa macho si namba 0 ya kumbukumbu, ni namba 34, na ya mwisho ni 205.

Angalia jinsi hili linavyoeleza dalili zako. Ulipoandika 172 bila ofseti, programu ilijaza safu 0 hadi 171. Safu 0 hadi 33 zimeandikwa lakini hazina kioo mbele yake, ndiyo maana herufi za mwanzo zimekatika. Safu 172 hadi 205 zina kioo lakini hakuna aliyeziandika, kwa hiyo zinaonyesha takataka zilizokuwemo kwenye kumbukumbu umeme ulipowaka. Hizo ndizo chenga zako. Upana wa ukanda wa chenga ndio ofseti yenyewe. Ukipiga picha ya karibu kwa simu na kuhesabu, utapata 34.

Kwa kioo ambacho huna uhakika nacho, pima badala ya kukisia. Mwambie kiendeshi kwamba skrini ni 240 kwa 320, ofseti sifuri, kisha jaza kumbukumbu yote kwa rangi nyeusi. Halafu chora mstari mmoja wa wima wenye upana wa pikseli moja kwenye safu 0, subiri nusu sekunde, ufute, chora kwenye safu 1, na kuendelea hadi 239, huku ukichapisha namba ya safu kwenye dirisha la siriali (Serial Monitor) la kompyuta. Andika namba ambayo mstari umejitokeza kwa mara ya kwanza na namba ya mwisho kabla haujapotea. Ukiona 34 na 205, toa na uongeze moja: 172. Namba zimekubaliana na kioo. Rudia kwa ulalo, 0 hadi 319. Kazi hii ni ya dakika tano, na inakupa jibu la uhakika kuliko ukurasa wowote wa muuzaji.

Usidhani kila kioo kinakaa katikati. Kile cha 240 kwa 240 chenye chipu hiyo hiyo kwa kawaida huanza kwenye mstari 0 na kuacha mistari 80 yote ikining'inia mwisho. Kile cha 135 kwa 240 kinakaa katikati, lakini 240 kutoa 135 ni 105, namba isiyogawanyika kwa mbili, kwa hiyo upande mmoja una 52 na mwingine 53, na juu na chini 40. Ukiwahi kuona picha imekaa sawa ila kuna uzi mmoja wa chenga wenye upana wa pikseli moja ukingoni, umekutana na hiyo 52 iliyoandikwa mahali pa 53.

Ofseti inaingia mahali pamoja tu: kwenye fanksheni ya kuweka dirisha. Chipu haipokei pikseli ikiwa na anwani yake. Unaiambia kwanza mipaka ya mstatili, kisha unamwaga rangi mfululizo, nayo inajaza kutoka kushoto kwenda kulia, ikifika ukingoni inashuka mstari. Amri ni tatu (namba zinazoanza na 0x ni za heksadesimali): 0x2A kwa mipaka ya safu, 0x2B kwa mipaka ya mistari, 0x2C kuanza kuandika.

    void Skrini::wekaDirisha(uint16_t x, uint16_t y,
                             uint16_t w, uint16_t h) {
      uint16_t x1 = x + ofsX, x2 = x1 + w - 1;
      uint16_t y1 = y + ofsY, y2 = y1 + h - 1;
      amri(0x2A); data16(x1); data16(x2);
      amri(0x2B); data16(y1); data16(y2);
      amri(0x2C);
    }

Hapo amri() inashusha pini ya DC, ile inayoiambia chipu kama baiti ni amri au data, kabla ya kutuma baiti, na data16() inaipandisha kisha inatuma baiti kubwa kwanza. Ile "kutoa moja" ndiyo inayosahaulika zaidi. Mpaka wa mwisho unahesabiwa ndani ya dirisha, si nje yake. Ukiisahau, dirisha linakuwa na safu moja ya ziada, kila mstari wa picha unaibiwa pikseli moja na mstari uliotangulia, na picha nzima inalala mshazari kama kanzu iliyokatwa vibaya. Picha ikiinama hivyo, usiguse kitu kingine: tafuta hiyo moja.

Usiongeze ofseti kwenye drawPixel, wala kwenye msimbo wa programu yako kuu. Nimesema mahali pamoja kwa makusudi. Ofseti ikitawanyika, fillRect itakuwa nayo na drawPixel haina, au itaongezwa mara mbili, na utakuwa unachora maandishi mahali pamoja na kuyafuta mahali pengine.

Kuzungusha skrini ndiko kunakowashinda wengi. Mzunguko unawekwa na amri 0x36, ambayo baiti yake ina biti tatu zinazotuhusu: 0x80 inapindua mistari juu chini, 0x40 inapindua safu kushoto kulia, na 0x20 inabadilishana x na y. Zipo michanganyiko minane, lakini ni minne tu iliyo mizunguko halisi: 0x00, 0x60, 0xC0 na 0xA0. Mingine minne inatoa picha ya kwenye kioo cha kujitazamia, maandishi yakisomeka kinyume. Kuna njia rahisi ya kukumbuka: hesabu biti zilizowashwa kati ya hizo tatu. Zikiwa shufwa, sifuri au mbili, ni mzunguko. Zikiwa witiri, ni kioo. Baadhi ya viwanda huunganisha kioo kinyume, na hapo utahitaji witiri kwenye mizunguko yote minne. Kanuni ni ile ile, imegeuka tu.

Ofseti nazo zinahama pamoja na mzunguko. Ukipindua upande fulani, nafasi iliyokuwa mwanzoni inakuwa mwishoni, kwa hiyo ofseti mpya ni ukubwa wa kumbukumbu, kutoa ukubwa wa kioo, kutoa ofseti ya zamani. Ukibadilishana x na y, ofseti nazo zinabadilishana. Kwa maandishi ya programu (s ni safu na m ni mistari, A ni nafasi ya mwanzoni na B ya mwishoni):

    void Skrini::setRotation(uint8_t r) {
      Adafruit_GFX::setRotation(r);
      const uint8_t sA = 34, sB = 240 - 172 - 34;
      const uint8_t mA = 0,  mB = 320 - 320 - 0;
      uint8_t b = 0;
      switch (rotation) {
        case 0: b = 0x00; ofsX = sA; ofsY = mA; break;
        case 1: b = 0x60; ofsX = mA; ofsY = sB; break;
        case 2: b = 0xC0; ofsX = sB; ofsY = mB; break;
        case 3: b = 0xA0; ofsX = mB; ofsY = sA; break;
      }
      amri(0x36); data8(b | mpangilioRangi);
    }

Kwa kioo chako sA na sB ni 34 zote mbili, kwa hiyo utaona kama nimejisumbua bure. Lakini weka 240 mahali pa 172 na mahali pa ile 320 ya pili, na sifuri mahali pa ofseti zote, kwa kile kioo cha mraba: mA inakuwa 0 na mB inakuwa 80. Mtu aliyeandika 0 tu kwa kuwa "imefanya kazi" atashangaa kwa nini skrini ikipinduliwa theluthi ya picha inapotea. Usisahau ule mstari wa kwanza unaoita setRotation ya mzazi. Bila huo, maktaba itaendelea kudhani upana ni 172 wakati umeilaza, na maandishi yatakatiza mstari katikati ya skrini.

Twende kwenye rangi. Hapa kuna makosa matatu tofauti ambayo watu huyachanganya, na ukijaribu kuyatibu kwa zamu bila mpangilio utazunguka siku nzima. Kila kosa lina alama yake. Jaza skrini nzima kwa rangi moja moja, kwa utaratibu huu.

Anza na nyeusi, 0x0000, na nyeupe, 0xFFFF. Rangi hizi mbili haziathiriwi na mpangilio wa baiti wala wa rangi, kwa sababu ukizigeuza vyovyote zinabaki zile zile. Zikitokea kinyume, nyeusi ikawa nyeupe, kosa ni moja tu: hali ya ugeuzaji. Vioo vya aina ya IPS vilivyoungwa na ST7789 kwa kawaida vinahitaji amri 0x21 kuwasha ugeuzaji, na kiendeshi kilichoandikwa kwa kioo cha aina nyingine hakiitumi. Hii ndiyo negativu yako. Ikiwa tayari 0x21 imetumwa, tumia 0x20 kuuzima.

Halafu kijani, 0x07E0. Kijani kiko katikati ya biti 16, kwa hiyo kubadilishana nyekundu na buluu hakukigusi. Kikitokea chekundu kinachoelekea waridi, baiti zako zinatoka kinyume: 0x07E0 imefika ikiwa 0xE007. ESP32 huhifadhi baiti ndogo kwanza, na chipu inataka kubwa kwanza. Ukituma mfululizo wa namba za biti 16 kama baiti tupu, zinafika zimegeuka. Alama kamili ya kosa hili ni rangi kupokezana viti: nyekundu inakuwa buluu, kijani kinakuwa nyekundu, buluu inakuwa kijani. Geuza baiti kabla ya kutuma, au tuma kwa fanksheni ya biti 16 ambayo inashughulikia hilo yenyewe.

Mwisho nyekundu, 0xF800. Ikiwa kijani kiko sawa lakini nyekundu inatoka buluu na buluu inatoka nyekundu, badilisha biti ya 0x08 kwenye ile amri ya 0x36. Ndiyo ile mpangilioRangi kwenye msimbo wa juu: iwe 0x00 au 0x08. Iweke kwenye mizunguko yote, la sivyo rangi zitakuwa sawa skrini ikiwa wima na kuharibika ikilazwa.

Makosa haya yakikutana yanatoa mseto unaotisha. Nyekundu ikitokea manjano, kwa mfano, ni biti ya 0x08 pamoja na ugeuzaji: nyekundu imekuwa buluu, na buluu ikigeuzwa ni manjano. Ukifuata utaratibu wa nyeusi na nyeupe, kisha kijani, kisha nyekundu, kila hatua inaondoa kosa moja na haigusi zile zinazofuata.

Kuna la nne, adimu kidogo. Ukijaza skrini ikajaa theluthi mbili tu na picha ikawa na rangi za upinde, chipu inategemea baiti tatu kwa kila pikseli na wewe unatuma mbili. Tuma amri 0x3A na data 0x55. Chipu ya ILI9488 ikiwa kwenye njia ya SPI (mawasiliano ya kutuma biti moja moja kwa waya chache) haikubali baiti mbili kabisa, kwa hiyo huko utalazimika kutuma tatu.

Mpangilio wa kuwasha ninaoupendekeza ni mfupi. Shusha pini ya RES, ile ya kuianzisha chipu upya, kwa milisekunde 10, ipandishe, subiri 120. Amri 0x01, subiri 150. Amri 0x11 ya kuiamsha, subiri 120. Kisha 0x3A na 0x55, 0x36 na baiti yako, 0x21, 0x13, na mwisho 0x29 ya kuwasha picha. Utakuta sampuli zenye amri nyingine kumi na zaidi, za 0xB2, 0xBB, 0xC3, 0xE0, 0xE1 na wenzake. Hizo ni nyakati na volti za ndani, pamoja na mikunjo ya mwangaza. Ziache mpaka picha iwe mahali pake. Zikija, ziongeze kama mtengenezaji wa kioo alivyozitoa, maana zinategemea kioo na si chipu, na kazi yake ni kuondoa weupe uliofifia au weusi uliochujuka. Muda wa kusubiri baada ya 0x11 usiupunguze. Ukiupunguza, skrini itawaka mara tatu na ya nne ikagoma, na hitilafu ya namna hiyo ni ngumu kuliko ile isiyowaka kabisa. Na kwa kuwa chenga zile ni kumbukumbu isiyoandikwa, jaza nyeusi kabla ya kutuma 0x29, si baada, ndipo mtumiaji asizione.

Kuhusu waya sina mengi, kwani picha unaiona. Pini zilizoandikwa SCL na SDA hapo ni za SPI, si za I2C, njia nyingine ya mawasiliano inayotumia majina hayo. Majina yanapotosha. Mantiki ni ya volti 3.3, hivyo ESP32 inafaa moja kwa moja, lakini bodi ya volti 5 inahitaji kigeuza volti katikati. Pini 34 hadi 39 za ESP32 ya kwanza ni za kupokea tu. Ukiweka DC au RES huko hakuna kitakachotoka. Moduli zisizo na pini ya CS (ya kuichagua chipu) huwa zinataka hali ya SPI namba 3, wakati zenye CS zinakubali namba 0. Anza na kasi ya MHz 8, picha ikikaa sawa panda hadi 40. Pikseli za rangi ngeni zikianza kumwagika hapa na pale, fupisha waya kabla ya kulaumu msimbo. Taa ya nyuma kuwaka si dalili ya chochote: inawaka hata kama chipu imekufa.

Sasa kasi, kwa sababu hilo litakuwa swali lako lijalo. Pikseli zako ni 172 mara 320, yaani 55,040, kila moja baiti mbili: baiti 110,080 kwa picha nzima. Kwa MHz 40 hizo ni milisekunde 22. Lakini ukiiachia drawPixel peke yake, kila pikseli inabeba dirisha lake: baiti tano za 0x2A, tano za 0x2B, moja ya 0x2C, halafu mbili za rangi. Baiti 13 kwa kazi ya baiti mbili. Jumla inapanda hadi 715,520, na juu yake kuna DC inayopanda na kushuka kila mara, na hiyo kwa kawaida inakula muda kuliko baiti zenyewe. Ndiyo maana kiendeshi cha namna hiyo kinajaza skrini kama pazia linaloshushwa taratibu.

Dawa ni kuandika upya fanksheni tatu: fillRect, drawFastHLine na drawFastVLine. Zote zinafanya jambo moja: kata kinachotoka nje ya skrini, weka dirisha mara moja, mwaga rangi w mara h. Kata kwanza, kisha hesabu. Maktaba inatumia namba zenye alama, na x inaweza kuwa hasi herufi inapoteleza nje ya ukingo. Hasi hiyo ikigeuzwa kuwa namba isiyo na alama inakuwa kubwa mno, na chipu inaandika usikotarajia. Tengeneza bafa (hifadhi ya muda) ya mstari mmoja, pikseli 320, baiti 640, ijaze rangi, uitume mara kwa mara badala ya kutuma pikseli moja moja. Kwa hizo tatu tu, fillScreen, maboksi, miduara iliyojazwa na herufi zilizokuzwa vyote vinapata kasi, kwa sababu maktaba inavivunja kuwa vipande hivyo hivyo. Kwa picha za rangi andika fanksheni yako mwenyewe inayoweka dirisha na kumwaga mfululizo mzima wa namba. Ile ya maktaba inapita pikseli kwa pikseli.

Tahadhari moja kuhusu startWrite na endWrite. Maktaba inaziita kuzunguka kila umbo ili ufungue njia ya SPI mara moja na kuifunga mara moja. Ukizitumia, zile fanksheni zinazoanza na write zisifungue njia tena ndani yake. Kwenye baadhi ya bodi kufungua mara mbili kunaigandisha programu bila ujumbe wowote.

Maandishi yanayobadilika, kama saa au kipimajoto, yatapepesa ukifuta kisha kuandika. Fonti ya ndani ya maktaba ipe rangi ya herufi na ya usuli pamoja, ijifute yenyewe. Fonti za kuongeza hazichori usuli, kwa hiyo huko tumia GFXcanvas16 ndogo: turubai ya 120 kwa 24 ni baiti 5,760 tu. Chora humo, kisha imwage kwenye skrini kwa dirisha moja. Turubai ya skrini nzima, zile baiti 110,080, ESP32 inaweza kuibeba ikiwa programu yako si nzito, ila kwenye bodi ya ATmega328 yenye baiti 2,048 za RAM sahau kabisa. Ukihamia LVGL, maktaba ya vitufe na menyu za skrini, hesabu ni hiyo hiyo: inakukabidhi mstatili na pikseli zake, wewe unaita wekaDirisha na kumwaga, kisha unaijulisha kwamba umemaliza. Bafa ya sehemu ya kumi ya skrini, mistari 32 kwa kioo chako, ni baiti 11,008.

Na kama kesho utashika kioo kingine: chipu za ST7735, ILI9341 na GC9A01 zinatumia amri hizi hizi za 0x11, 0x29, 0x2A, 0x2B, 0x2C na 0x36, kwa hiyo sehemu kubwa ya klasi yako itahitaji namba mpya tu. ST7735 yenye kumbukumbu ya 132 kwa 162 ikiwa na kioo cha 80 kwa 160 itakupa ofseti 26 na 1. Zile za rangi moja ni ukoo mwingine. SH1106 inauzwa kama SSD1306 ingawa kumbukumbu yake ina safu 132 kwa kioo cha 128, hivyo picha inahama pikseli mbili, na zaidi ya hapo haina ile hali ya kujaza kurasa zote (mafungu ya mistari minane) mfululizo. Lazima uiambie ukurasa mpya kila baada ya safu 128.

Jaribio la mwisho kabla ya kusema kiendeshi kimekamilika: chora fremu ya pikseli moja ukingoni kabisa, juu nyekundu, kulia kijani, chini buluu, kushoto nyeupe, na uandike neno lolote katikati. Zungusha mara nne. Kila mara pande zote nne zionekane, kila rangi ibaki upande wake kulingana na maandishi, na kusiwe na uzi wa chenga nje ya fremu. Kwenye vioo vingi vya inchi 1.47 fremu itakatika kwenye pembe nne hata ofseti ikiwa sahihi. Huko usirekebishe kitu: kioo chenyewe kimekatwa pembe za mviringo, kwa hiyo maandishi yako yaweke mbali kidogo na kona.